Kabla Hujamlaumu Mpiga Tarumbeta, Kagua Mausipisi

"Huyu midomo yake mikubwa, tumpeleke kwenye ngoma."

Hiyo ndiyo sentensi iliyonipokea wiki ya kwanza ya fildi mwaka jana, kwenye shule moja ya sekondari yenye bendi ya tarumbeta. Aliyekuwa anazungumziwa ni binti wa kidato cha pili. Alikuwa amefundishwa tarumbeta kwa miezi mitano, na katika miezi yote hiyo alikuwa anatoa do ya chini, so kwa taabu, na do ya juu siku ikiwa njema. Walioanza naye walishamwacha mbali. Mwalimu wa bendi, mtu mvumilivu kuliko mimi, uvumilivu ulikuwa umemwishia: mahafali ya kidato cha nne yanakaribia, tarumbeta ziko nne tu, na foleni ya wanaozitaka ni ndefu. Akamwambia Jumatatu aanze ngoma. Binti hakubisha. Aliifuta tarumbeta kwa kitambaa, kisha akauliza kama anaweza kubaki nayo mpaka Ijumaa.

Mimi niliwekwa kwenye bendi ile kwa sababu tu nilijaza kwenye fomu kwamba napiga tarumbeta kanisani. Nasomea ualimu wa fizikia na hisabati; muziki sijawahi kuusoma darasani hata siku moja. Kwa hiyo haya ninayoandika nimeyapata kwa kukosea, kwa kusoma baada ya kukosea, na kwa venia kalipa niliyoazima maabara. Nayaandika kwa sababu wengi wetu hapa tukimaliza tutapangiwa shule, na unajua inavyokuwa: ukionekana unajua kidogo, unakabidhiwa bendi pamoja na kabati la vyombo ambavyo hukuvichagua wewe.

Mausipisi, au kipulizio kama wengine wanavyosema, ni kile kipande cha chuma kinachochomekwa mwanzoni mwa tarumbeta, ambacho ndicho midomo inakutana nacho. Kinaonekana kitu kidogo tu cha kuzuia midomo isikwaruzwe na bomba. Kumbe sauti inazaliwa humo. Ukiitazama kwa makini ina sehemu tano. Kuna ukingo, ile duara inayolalia midomo. Ndani ya ukingo kuna kikombe. Chini ya kikombe njia inabanwa mpaka inakuwa tundu dogo, hilo tuliite koo. Kwenye mausipisi ya kawaida ya tarumbeta koo lina kipenyo cha karibu mm 3.66, yaani pumzi yako yote inapita kwenye tundu jembamba kuliko penseli. Baada ya koo njia inapanuka tena taratibu, na kwa nje tunapata mkia, ile sehemu iliyochongwa kwa mteremko ambayo inaingia kwenye tundu la chombo.

Ukingo na kikombe ni mambo ya mpigaji. Mkia ni jambo la chombo. Koo na njia ya nyuma ziko katikati, zinawasuluhisha hao wawili. Watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, tunabishana kuhusu kikombe wakati tatizo liko kwenye mkia.

Sasa nieleze kosa langu. Bumu lilipotoka muhula uliotangulia nilinunua mausipisi kwa kijana mmoja wa matarumbeta ya harusi. Alinihakikishia kwamba "hii inapanda yenyewe". Ilikuwa na kikombe kifupi, kama kisosi. Wapigaji wanaokaa juu muda mrefu wanazipenda za namna hiyo kwa sababu sauti yake ina makali na inasikika juu ya ngoma na vigelegele. Basi nikafikiri: binti hapandi, mausipisi hii inapandisha, hesabu imeisha. Siku ya Jumatano nikaichomoa ile ya kwake, nikaweka ya kwangu, nikamwambia apulize.

Akatoa sauti nzito kidogo, halafu ikakata. Akajaribu tena, ikakata tena, kama mtu aliyefunga bomba ghafla. Mara ya tatu akaishusha tarumbeta akaniambia, "Mwalimu, midomo inagusa chini."

Alikuwa amesema kila kitu. Midomo inapopulizwa haikai palepale kwenye ukingo. Nyama yake inaingia ndani ya kikombe na kutetemeka humo. Mwenye midomo iliyojaa anaingiza nyama nyingi zaidi. Kikombe kikiwa kifupi, midomo inafika kwenye sakafu yake, na ikishagusa haiwezi kutetemeka tena, sauti inakufa. Kwa maneno mengine, nilichukua mtu aliyeambiwa ana midomo mikubwa nikampa mausipisi isiyotaka midomo mikubwa kuliko zote zilizokuwa shuleni pale, halafu nikasubiri muujiza. Ningeondoka siku ile ningekuwa nimethibitisha hukumu ya mwalimu wa bendi kwa ushahidi wa uongo.

Kilichonizuia ni kitu kidogo. Mausipisi yangu ilipoingia kwenye tarumbeta yake ilikaa. Haikucheza. Ile ya kwake, nilipokuwa naichomoa, ilikuwa imeviringishiwa karatasi ya daftari la hesabu, ile yenye vimraba, safu mbili au tatu. Nikaifungua ile karatasi. Chini yake kulikuwa na mkia mwembamba. Nikaurudisha bila karatasi: ukazama ndani sana na kutikisika kama jino la mtoto. Hiyo haikuwa mausipisi ya tarumbeta. Ilikuwa ya korneti.

Ukiziweka mezani kwa juu juu, mausipisi ya tarumbeta na ya korneti ni ndugu. Upana wa ukingo unakaribiana, na kikombe pia kinaweza kufanana. Tofauti iko chini. Ya tarumbeta ina urefu wa karibu sm 9, ya korneti karibu sm 7. Mkia wa korneti ni mwembamba. Kwa venia kalipa, ncha zake zilipishana kwa zaidi ya milimita moja. Milimita moja kwa fundi seremala si kitu. Hapa ni kila kitu, kwa sababu mkia na tundu vimechongwa vikutane kwa mteremko mmoja, kama kizibo na shingo ya chupa. Vikikutana vinafunga hewa vyenyewe, bila karatasi wala tepu ya mafundi bomba.

Karatasi inafanya mambo matatu mabaya. Kwanza haizibi, hewa inavuja pembeni, na sauti inayovuja inakuwa dhaifu na yenye mashaka. Pili inaloa, inalainika, na mausipisi inabadilisha mahali pake katikati ya wimbo. La tatu linahitaji maelezo kidogo. Kwenye tarumbeta nyingi, ncha ya mkia haigusani kabisa na mwanzo wa bomba la ndani. Panabaki uwazi wa milimita chache, na mtengenezaji amekusudia uwe hapo. Mausipisi iliyo sahihi huingia kama sm 2.5, ikasimama, na uwazi ukawa ule uliokusudiwa. Ikizama sana, ncha inagonga bomba na uwazi unapotea. Ikibaki nje sana, uwazi unakuwa mkubwa na bomba zima limerefuka. Katika hali zote mbili mpigaji anahisi noti hazina mahali pa kukaa. Unatafuta so, unaipita. Unarudi, unaipita tena kwa chini. Mwanafunzi wa miezi mitano hawezi kujua kwamba ni chombo kinachomkimbia. Anajua jambo moja tu: yeye hajui.

Nilimuuliza mwalimu wa bendi karatasi iliwekwa na nani. Hakujua. Aliikuta.

Nadhani hapa inafaa nieleze kwa nini jambo hili ni la kawaida kwetu, lisije likaonekana uzembe wa shule moja. Bendi nyingi za tarumbeta nchini, hasa za makanisa, zina asili yake kwenye vikundi vya tarumbeta vya Kilutheri vya Ujerumani. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Wale wa shirika lililokuja kuitwa Bethel walikuwa Usambara tangu 1891, na Bukoba wakafika 1910. Kule Bethel kwenyewe alikuwepo mchungaji Johannes Kuhlo (1856–1941), ambaye alitaka vyombo vya shaba viimbe kama kwaya ya watu, na kwa sababu hiyo alipenda flugeli, ambayo bomba lake linapanuka taratibu na mausipisi yake ina kikombe kirefu, kuliko tarumbeta yenye makali. Ndiyo maana katika bendi za asili hiyo unakuta flugeli, tarumbeta, tenahoni, tromboni na tuba vimekaa pamoja. Vyombo vingi vilivyofika baadaye ni mitumba ya msaada. Siku ya kwanza kila kimoja kina mausipisi yake ndani ya kasha lake. Baada ya miaka kumi makasha yameoza, na mausipisi zote ziko kwenye mfuko mmoja wa rambo.

Mfuko wa shule yetu ulikuwa na mausipisi kumi na moja. Alhamisi, kipindi cha michezo, nikawaita wanabendi wote tukamwaga mezani. Nilikuwa nafundisha kidato cha kwanza mada ya vipimo wiki ileile, kwa hiyo venia kalipa zilikuwa mkononi, na sitasema uongo, sijawahi kuona wanafunzi wanaisoma venia kalipa kwa hamu kama siku ile. Tukapanga kwa mikia. Za tromboni zikajitenga zenyewe kwa ukubwa, lakini hata hizo zilikuwa za aina mbili: tromboni ina mkia mdogo na mkia mkubwa. Mdogo ukiuweka kwenye tundu kubwa unatumbukia. Mkubwa kwenye tundu dogo unaingia kidogo tu na kukwama. Yufonia ndiyo ina vurugu zaidi, kwani mikia yake ni ya saizi tatu, mdogo, wa kati na mkubwa, na ule wa kati uko kwenye yufonia nyingi za zamani za Kiingereza. Flugeli nayo ina mikia ya aina zaidi ya moja. Hakuna njia ya mkato: chomeka, tikisa, angalia imeingia kiasi gani. Ikitikisika, si yake. Ikiingia nusu sentimita tu, si yake.

Mkia mmoja ulikuwa wa saizi sahihi ila ncha yake imebonyea, imekuwa yai. Ilidondoka sakafuni siku fulani, na huko ndiko zinakoangukia mara nyingi kwa sababu mkia ni mwembamba. Fundi anaweza kuirudisha kwa kusukuma ndani chuma laini kilichochongwa kama karoti, akizungusha polepole. Si kwa nyundo.

Halafu mmoja wa vijana akakumbuka kwamba stoo kuna "tarumbeta fupi mbovu". Tukaileta. Ilikuwa korneti, imefungwa lebo ya karatasi: MBOVU. Imekaa stoo, wanasema, zaidi ya miaka miwili kwa sababu "haitulii kwenye ufunguo". Na mdomoni mwake ilikuwa imechomekwa mausipisi ya tarumbeta, imesimama nje kama mtu anayechungulia kwenye daladala lililojaa.

Mnaona ilivyokuwa. Mtu mmoja, siku moja, alibadilisha. Na kwa siku hiyo moja chombo kimoja kikahukumiwa kibovu, na mtoto mmoja baadaye akahukumiwa midomo.

Kwa nini korneti ile "haikutulia"? Wenzangu wa fizikia watalipenda hili. Mwanafizikia wa Marekani Arthur Benade, katika kitabu chake cha akustiki ya muziki cha mwaka 1976, anaeleza kwamba mausipisi inafanya kazi kama kipande cha bomba kilichoongezwa kwenye chombo, lakini kipande chenye tabia ya ajabu: urefu wake haubaki uleule. Kwa noti za chini, mausipisi ni sawa na kipande cha bomba chenye ujazo kama wake. Noti zinavyopanda, inajifanya ndefu zaidi. Mtengenezaji anaichonga tarumbeta kwa kutegemea urefu huo unaobadilika. Bila huo, do ya chini na do ya juu hazikubaliani. Ukiweka mausipisi yenye ujazo tofauti sana, au ukaiacha ikae nje sana, unavuruga hesabu hiyo, na kila noti inapotea kwa kiasi chake. Kwa hiyo hata ukivuta slaidi ya kutyuni huponi. Unaiponya so, unaiumiza do. Unaweza kusikia ujazo huo kwa sikio: shika mausipisi peke yake, piga ukingo wake kwa kiganja kilichokunjuka, itatoa "pop". Yenye kikombe kirefu inatoa pop ya chini, yenye kikombe kifupi ya juu. Wanafunzi walikaa robo saa nzima wakipiga pop mpaka mwalimu wa zamu akaja kuuliza kuna nini.

Tukabadilishana. Mausipisi iliyokuwa kwenye korneti, imeandikwa 7C, ikarudi kwenye tarumbeta ya binti. Ya karatasi ikarudi kwenye korneti, bila karatasi, ikaingia na kusimama. Binti akapuliza. Do ya chini ikatoka ileile. So ikatoka mara ya kwanza, bila kutafutwa. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepuliza. Do ya juu haikutoka siku ile, niseme ukweli. Ilitoka wiki iliyofuata, na mi ya juu ilitoka kabla sijamaliza fildi, nyembamba lakini ipo. Miezi mitano ya kubana midomo na kuikandamiza ili kuifukuza noti inayokimbia ilikuwa imemfundisha tabia mbaya, na tabia haichomolewi kama karatasi.

Sasa tuje kwenye midomo, maana najua kuna anayesema mwandishi anakwepa. Midomo inahusika, lakini si kwa namna inavyosemwa mitaani. Louis Armstrong alipewa jina la Satchmo kwa ajili ya ukubwa wa mdomo wake, na alianza na korneti. Sijui nani angempeleka kwenye ngoma. Swali si mdomo ni mkubwa au mdogo. Swali ni kiasi gani cha mdomo kinapata nafasi ndani ya ukingo.

Ukingo mpana kwa ndani unaruhusu nyama nyingi itetemeke: sauti inajaa, chini kunakuwa rahisi, lakini misuli inafanya kazi kubwa ukipanda, na mpigaji mchanga anachoka mapema. Ukingo mwembamba unapunguza kazi hiyo, ila mwenye midomo iliyojaa anajikuta amebanwa, nyama haina pa kwenda, na anaanza kusukuma tarumbeta usoni ili angalau kitu kitoke. Dalili yake utaiona baada ya mazoezi: duara jekundu lililochimbika na ambalo haliondoki hata baada ya nusu saa. Duara jepesi linaloondoka haraka ni la kawaida, msiogope. Meno nayo yana neno, maana ukingo unalalia midomo lakini midomo inalalia meno. Tulikuwa na kijana ambaye jino lake moja la mbele limetangulia wenzake. Kila akikandamiza, jino linakata mdomo kwa ndani. Hakuhitaji mausipisi mpya. Alisogeza ukingo kidogo kushoto, akapata mahali pa tambarare, basi. Vitabu vinapenda kuchora mausipisi katikati kabisa ya mdomo. Uso wa mtu haukuchorwa kwa rula.

Kama utapata bahati ya kuchagua mausipisi, au kumwagiza mtu anayesafiri, jihadhari na namba. Kampuni iliyosambaza namba hizi kuliko wengine ni ya Vincent Bach (si yule Bach wa kwaya zetu), mzaliwa wa Austria aliyeanza kutengeneza mausipisi huko Marekani mwaka 1918. Kwenye Bach, namba ikiwa ndogo ukingo ni mpana, na herufi ikiwa mbele kwenye alfabeti kikombe ni kirefu: A kirefu, C cha kati, E kifupi. Kwenye Yamaha mambo yamepinduka: namba ikipanda upana unapanda, na A ndiyo fupi, E ndiyo ndefu. Kwa hiyo mtu aliyezoea Bach akiagiza Yamaha kwa akili ileile, atapata kinyume cha alichotaka na atamlaumu aliyemtuma. Kwenye tromboni za Denis Wick, aliyepiga tromboni London Symphony Orchestra kwa miaka mingi, herufi ya mwisho ndiyo inayookoa pesa: L ni mkia mkubwa, S ni mkia mdogo. Na usichanganyikiwe na tofauti ndogo. Katalogi ya Bach inaitaja 7C kuwa na mm 16.20 na 3C mm 16.30. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya milimita, ndiyo mwisho wa uwezo wa venia kalipa yetu ya shule, na mpigaji bado anazihisi tofauti, kwa sababu umbo la ukingo, yaani mviringo wake na kona yake ya ndani, linahisiwa kuliko kipenyo. Kwa mwanafunzi anayeanza tarumbeta, 7C au 5C, au inayofanana nazo, inatosha kabisa. Akishajua anachokitafuta ndipo atafute.

Namna ya kupima tuliyoitumia haigharimu kitu. Mpigaji anapuliza bila kubonyeza vali: do ya chini, so, do ya juu, mi, anapoweza kufika. Asizirekebishe kwa midomo. Mwingine anashika simu yenye programu ya kutyuni, au kinanda kama kipo. Do mbili zikipishana sana, mausipisi na chombo havijaelewana. Mi ikiwa chini kidogo, iache. Tarumbeta nzuri nyingi ziko hivyo. Kisha sauti moja ndefu, polepole, kutoka ndogo hadi kubwa na kurudi: ikikata njiani kwa kikombe kifupi, midomo inagusa sakafu, ikitetereka kila mahali, kagua mkia tena. Halafu, na hapa ndipo wengi tunapokosa subira, mwache na mausipisi hiyo wiki mbili. Siku ya kwanza kila mausipisi mpya inapendeza, kama chumba kipya cha hosteli.

Mambo machache ya haraka. Usimruhusu fundi yeyote atoboe koo "ili hewa ipite vizuri"; chuma kilichotolewa hakirudi. Mausipisi ikikwama usiizungushe kwa koleo, utapindisha bomba la tarumbeta. Tafuta chombo chake cha kuchomolea, au mpelekee fundi anayejua. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kila inapopita kutoka mdomo mmoja kwenda mwingine, na mwenye kidonda mdomoni apumzike. Rangi ya fedha ikibanduka kwenye ukingo shaba inabaki wazi na inawasha baadhi ya watu, hapo hata mausipisi ya plastiki ni afadhali.

Tulimaliza Alhamisi ile kwa kupaka kila mkia alama ya rangi ya kucha, na alama hiyohiyo kwenye chombo chake: nyekundu kwa nyekundu, zambarau kwa zambarau. Rangi ya kucha aliileta matroni, sikuuliza ilitoka wapi. Mwalimu wa bendi alisimama mlangoni muda mrefu akimsikiliza binti anarudia so, so, so, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. Kisha akaenda kwenye korneti, akaitoa ile lebo ya MBOVU, akaitia mfukoni. Akamwita kijana wa kwanza kwenye foleni.

Jumatatu ngoma ikakosa mtu. Nikaishika mimi.